HEDIFONI ZIZIMAZO KELELE: ZAMFAA NANI, NA ZAPIMWAJE?



Katika barua tulizozipokea mwezi huu, mbili zimekuja kwa jambo moja, ijapokuwa walioziandika hawajuani. Ya kwanza ni ya mama mmoja wa Tanga. Kijana wake amerudi kutoka masomoni na hedifoni kubwa zifunikazo masikio yote mawili, na tangu arudi humwita mara tatu ndipo ageuke. Mama huyu auliza: Je, vitu hivi havitamharibu mwanangu masikio? Barua ya pili ni ya kijana mwenyeji wa Mombasa afanyaye kazi Muscat. Amekusudia, inshaallah, kuwapeleka wazee wake Umra, naye ataka kumnunulia kila mmoja hedifoni za zile zizimazo kelele, ili safari ya ndege isiwachoshe na wapate kusikiliza Qurani kwa utulivu. Auliza zipi zilizo bora, na kama fedha zitakazotoka si israfu.

Tumeona tuzijibu pamoja, kwani jawabu la mama limo ndani ya jawabu la kijana. Wala hatukutaka kusema kwa kukisia. Vijana wanaosoma chuoni petu walituazima jozi mbili, moja ya ghali na moja ya bei ya wastani, tukakaa nazo mwezi mzima nyumbani, ndani ya basi na katika boti ya Unguja.

Kwanza yatupasa kukijua kitu chenyewe. Sauti ni mtikisiko wa hewa uendao kwa mawimbi, mfano wa mawimbi ya maji. Mtu akitupa kokoto mbili katika birika la msikiti lililotulia, ataona viduara viwili vyaenea mpaka vikutane. Na pale ambapo mgongo wa wimbi moja wakutana sawasawa na bonde la wimbi la pili, maji hutulia kana kwamba hayakuguswa. Hedifoni hizi zafanya vivyo hivyo kwa hewa. Katika kila kikombe cha sikio mna maikrofoni ndogo zisikiazo kelele ya nje. Kisha kichipu kilichomo humo hutengeneza wimbi lililo kinyume cha kelele ile, mgongo kwa bonde, likapigwa ndani ya kikombe pamoja na kile ukisikilizacho. Kelele na kinyume chake zikikutana mlangoni mwa sikio hufutana.

Wazo hili si la jana. Mjerumani Paul Lueg alipewa hati ya uvumbuzi wake huko Marekani mwaka 1936, lakini vyombo vya zama zake havikuweza kulitimiza. Mwaka 1978 Profesa Amar Bose, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, ambaye baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Bengal, alikuwa ndani ya ndege akirudi kwao kutoka Zurich. Akapewa hedifoni za abiria, akazivaa, asistarehe nazo kwa sababu ya mngurumo wa injini; akaanza kupiga hesabu papo hapo kitini pake. Mwaka 1986 marubani Dick Rutan na Jeana Yeager, walioizunguka dunia kwa siku 9 bila ya kutua wala kuongeza mafuta, walichukua hedifoni za majaribio za aina hiyo ili kuyahifadhi masikio yao. Mwaka 1989 zikaanza kuuzwa kwa marubani, na mwaka 2000 zikawafikia abiria. Twayataja haya ili msomaji atambue kwamba kitu hiki kilizaliwa ndani ya ndege, kwa ajili ya mngurumo wa injini. Hiyo ndiyo kazi yake khasa, na kila kelele ikiwa mbali na mfano wa mngurumo ule, nguvu za hedifoni hupungua.

Kwa hiyo injini ya ndege, ya basi na ya boti, jenereta, feni na mashine ya kupoza hewa, zote hizi zina sauti nzito isiyobadilika, nayo huzimwa vizuri. Ama kilio cha mtoto mchanga, mazungumzo ya jirani na honi ya gari, hizo ni sauti za ghafla na zilizo nyembamba. Mashine haiziwahi, na kinachozizuia kidogo ni ule mto laini uzungukao sikio. Tulipozivaa katika basi la kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, mngurumo ulizama mara moja kama mtu aliyefunga mlango. Lakini utingo alipokuwa akitaja vituo tulimsikia, na pengine kwa uwazi zaidi kuliko mwanzo. Basi anayezinunua kwa kudhani kwamba atakaa kimya kama aliye pangoni, huyo atarudi dukani kugombana na muuzaji bure.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno. Watu wengi huzipima hedifoni hizi kwa raha wazipatayo, au kwa jina lililoandikwa ubavuni. Sisi twaona kipimo chake cha haki ni kimoja: je, zimekuwezesha kuipunguza sauti kwa kiasi gani?

Ndani ya ndege iliyo angani kelele hukaribia desibeli 80 hadi 85. Msafiri aliyevaa hedifoni za kawaida, akitaka kuyasikia maneno ya msomaji juu ya kelele hiyo, hana budi kupandisha sauti mpaka 90 na zaidi. Haoni kuwa ni kubwa, maana kelele ya injini humficha. Lakini sikio halidanganyiki. Lapokea zote mbili pamoja. Hedifoni zizimazo kelele zilizo njema huondoa kiasi cha desibeli 20 za ule mngurumo na hata zaidi, na hapo msafiri aweza kusikiliza kwa sauti ya 70 asikose neno. Tofauti ya 70 na 90 yaonekana ndogo kwa asiyejua hesabu hii, ilhali si ndogo hata kidogo. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu. Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wameweka mpaka kwamba mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, na mtoto asizidishe 75 kwa saa hizo hizo. Ukipanda hadi 83, saa zako ni 20. Ukifika 86 ni 10, na 89 ni 5, na 92 ni saa 2 na nusu tu kwa juma zima. Ukifika 100, kiasi ambacho simu nyingi hukifikia sauti ikifunguliwa mpaka mwisho, fungu lako la juma humalizika kwa muda wa kama dakika 20. Kijana ahesabu mwenyewe anazo dakika 20 ngapi baina ya Jumamosi na Ijumaa.

Na likiharibika, huharibika nini? Ndani ya sikio, katika kile kifuu mfano wa konokono, Mwenyezi Mungu ameweka chembe zenye vinywele, zipatazo 15,000, ndizo zigeuzazo mtikisiko kuwa khabari ya kupelekwa kwenye ubongo. Chembe hizi hazioti tena kama unywele wa kichwani au ukucha. Zikifa zimekufa. Tena hazifi kwa maumivu. Huanza kwa mlio wa nzi sikioni baada ya kuvua hedifoni, ukapotea kesho yake, mtu akasema amepona. Shirika hilo hilo lakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni 1, wenye miaka 12 hadi 35, wamo katika khatari hii kwa sababu ya namna wasikilizavyo.

Hapa twaomba walimu wenzetu wa vyuo watusikilize vizuri. Uharibifu uletwao na kelele hauanzi katika sauti nzito. Huanza katika sauti nyembamba, zile zenye mitikisiko kama 4,000 kwa sekunde, na huko ndiko ziliko alama za herufi za kufyonza na kupuliza: thaa, sin, shin, faa. Mtu aliyeanza kupungukiwa husikia kwamba mwenzake anasema, ila hapambanui asemalo. Hatusemi kila mwanafunzi achanganyaye thaa na sin ni mgonjwa wa masikio. Wengi wao ni wavivu tu, na dawa yao yajulikana. Lakini mwanafunzi aliyekuwa akizipambanua mwaka uliopita na sasa hazipambanui, naye hulala usiku kucha na vijidude vimepachikwa masikioni, huyo apelekwe kwa daktari kabla ya kukemewa. Kusikia ni amana. Qurani, katika Surat al-Israa, imeyataja masikio, macho na moyo kuwa ni vitu tutakavyoulizwa. Na mtu hataulizwa khabari za kile alichosikiliza tu, bali pia jinsi alivyokitumia chombo alichopewa.

Kwa hiyo, mama yetu wa Tanga, hedifoni kubwa alizo nazo kijana wako, ikiwa kweli ni za kuzima kelele, zaweza kuwa kinga kwake kuliko zile ndogo za waya alizokuwa nazo zamani. Shari haimo katika ukubwa wake wala katika rangi. Mwambie akuonyeshe kile kipimo cha sauti katika simu yake. Katika nyumba iliyotulia nusu ya kipimo yatosha na kuzidi. Simu nyingi za sasa zina mahali pa kuweka mpaka usiovukwa, na mpaka huo na uwekwe mbele yako. Ukikaa naye ubavuni ukasikia kile akisikilizacho, basi imekuwa kubwa mno. Wapo pia wanaokhofia mawimbi yasiyo na waya kwamba hupika ubongo. Nguvu ya Bluetooth katika hedifoni ni ndogo mno, ndogo sana kuliko ya simu ile ile anayoiweka mtu shavuni, na hiyo isikukoseshe usingizi. Ama hilo la kukuitikia mara ya tatu, tutalirudia huko chini.

Tumwendee sasa kijana wetu wa Muscat, aliyeuliza zipi zilizo bora.

Sauti tulizipima kwa kitu tukijuacho. Tulisikiliza kisomo cha marehemu Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, kile cha tartili kilichorekodiwa Misri mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwani msomaji yule kila herufi huipa haki yake: ghunna yake yasikilizana mpaka mwisho, na kalkala yake haipotei. Hedifoni nzuri haikuongezi kitu hapo. Hukuachia ukisikie kilichopo. Jozi zote mbili zilifaulu, ila ya bei ya wastani ilikuwa na desturi ya kuzidisha sauti nzito, ndiyo mtindo wa nyingi za siku hizi. Kwa kisomo haikudhuru sana. Tulipofika kwenye kasida zenye matari, tari lilimmeza mwimbaji. Dawa yake ilikuwa rahisi: katika programu ya simu iendeshayo hedifoni zile mna mahali pa kupunguza sauti nzito, tukapunguza, mwimbaji akatoka. Juu ya muziki wa ala nyingine wanavyuoni wamekwisha kusema, na wamekhitalifiana, na ukurasa huu si mahali pa kuufungua mjadala ule upya. Twasema tu kwamba chombo hiki hakimchagulii mtu, na aliyekivaa hana wa kumchunguza ila Mola wake.

Liko jambo moja lililowakera wanafunzi wetu, nasi twalitaja kwa sababu wauzaji hawalisemi. Baadhi ya hedifoni za ghali zina ufundi wa kutambua kwamba mvaaji anasema. Akisema tu, kisomo hujizuia chenyewe ili azungumze na mwenzake. Kwa msafiri ni jema. Kwa mwenye kuhifadhi ni balaa, maana kila akimfuata msomaji kwa sauti, msomaji anyamaza! Ufundi huo huzimwa katika programu ile ile, na auzime kabla ya kuanza hifdhi.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Siku hizi wengi wetu wasomesha na kusoma tajwidi kwa simu, mwalimu yuko Lamu na mwanafunzi yuko London. Sauti ya hedifoni ile ile iliyokuwa safi katika kisomo, ghafla huwa kama ya mtu aliyefunikwa kwa mtungi, na kila mmoja humlaumu mwenzake kwa mtandao mbaya. Mara nyingi mtandao hauna kosa. Katika vifaa vingi, pindi maikrofoni ya hedifoni ianzapo kufanya kazi, Bluetooth hushusha sauti mpaka daraja la maongezi ya simu. Sauti nyembamba zilizo juu ya mitikisiko kama 7,000 kwa sekunde hukatwa, na katika vifaa vya zamani hukatwa zote zilizo juu ya kama 3,400. Hapo sin na thaa na faa zafanana hata kwa mwenye masikio mazima. Atakaye kusoma tajwidi na atie waya, ikiwa hedifoni zake zina tundu la waya, na maneno yapite katika maikrofoni ya simu yenyewe. Hedifoni zisizo na tundu hilo, sisi hatungemshauri mwanachuo azinunue hata zingekuwa nzuri namna gani. Waya huo huo ndio utakaotumika ndani ya ndege, kwani viti vingi vya ndege havina Bluetooth.

Kuhusu kukaa kichwani, uzuiaji wa kelele wategemea mto wa hedifoni kuligusa sikio pande zote pasipo mwanya. Mkono wa miwani hufungua mwanya. Mtandio uliokunjwa mara tatu juu ya sikio huufungua zaidi, na kina mama wengi husema hedifoni hizi hazina kazi kumbe kosa ni la mikunjo. Mwanamke na azivae chini ya mtandio, juu ya kitambaa kimoja chembamba, ndipo atakapoona tofauti. Kofia ya mkono nayo haitaki upinde upitao juu yake; huibonyeza ikapoteza umbo, na mwenye kofia ya viua atalia. Joto la pwani ni adui mwingine. Mito hii hutengenezwa kwa ngozi ya bandia, na kwa jasho na unyevu wetu hubanduka baada ya muda, vipande vyeusi vikabaki shingoni. Kwa hiyo kabla ya kununua uliza kama mito ya badala yapatikana, kwani kuibadili ni kazi ya dakika chache na hedifoni zikawa kama mpya.

Majina na bei twayataja kwa uchache, maana kila mwaka hutoka nyingine. Sony WH-1000XM4, iliyotoka mwaka 2020 kwa bei ya dola 350 huko Marekani, ina gramu 254, hukunjika, ina tundu la waya, na betri yake huenda saa 30 ikiwa inazima kelele. Mfuasi wake wa mwaka 2022, WH-1000XM5, ni mzuri kwa maongezi lakini haukunjiki, na katika mfuko wa msafiri hilo ni kasoro. Bose QuietComfort 45, ya mwaka 2021, huenda saa 24 na ni nyepesi, kama gramu 240. Apple walitoa AirPods Max mwaka 2020 kwa dola 549. Sauti yake yasifiwa, walakini uzito wake ni gramu 385 hivi, na kwa shingo ya mzee hiyo si zawadi. Kwa wenye kipato cha kawaida iko Soundcore Life Q30 ya kampuni ya Anker, iliyotoka kwa dola 80, yenye saa 40. Kati ya ile ya dola 350 na hii ya 80 tofauti ipo, lakini haifiki mara nne. Kama fedha ni za kukopa, hakuna la kufikiri.

Katika masoko yetu, Kariakoo na kwingineko, tahadhari na maandishi ya sandukuni. Herufi ANC ndizo zenye maana ya kuzima kelele katika masikio ya mvaaji. Herufi ENC ni kitu kingine kabisa: hizo hupunguza kelele katika maikrofoni, ili yule unayemwita kwa simu akusikie wewe vizuri. Wako wauzaji wazifanyao kuwa kitu kimoja, wengine kwa kutojua na wengine kwa kujua sana. Mnunuzi aombe azivae karibu na feni au jenereta, bila ya kufungulia sauti yoyote, kisha abonye kitufe cha kuzima kelele, na akibonye tena kuiondoa. Mngurumo ukishuka na kupanda, ni zenyewe. Usipobadilika, azivue, aseme ahsante, ashike njia.

Hapo yabaki mambo ya adabu na usalama, nayo ndiyo ya mama wa Tanga.

Chombo kizuiacho kelele hakina akili ya kuchagua kelele ipi ni upuuzi na ipi ni ya wajibu. Aliyekivaa barabarani hasikii bodaboda itokayo nyuma, wala pikipiki ile haijui kwamba anasikiliza Surat Yasin. Njiani vivuliwe. Hedifoni nyingi zina hali ya kupitisha sauti za nje kupitia maikrofoni zake, na hiyo hufaa kituoni au unapongoja jina lako kuitwa hospitalini, lakini haimtoshi mtu avukaye njia. Nyumbani, kijana aliye sebuleni pamoja na wazee wake aache sikio moja wazi, au aende chumbani. Kuitika salamu ni wajibu, na mtu aliyejiziba masikio katikati ya watu huwapita wasalimiao kama gogo. Na mama akiita, hesabu ni mara ya kwanza. Vilevile aliyezivaa hujibu kwa kelele pasipo kujijua, kwa kuwa haisikii sauti yake; naye Luqman alimuusia mwanawe ashushe sauti.

Walakini tusiwe wakali kwa upande mmoja. Mara ngapi tumepanda basi, abiria mmoja akafungua Qurani kwa simu yake wazi, huku wengine wakibishana juu ya mpira na nauli? Surat al-Aaraf yatuamuru kuisikiliza Qurani na kunyamaza isomwapo. Mwenye kuifungulia watu wasioitaka kuisikiliza wakati ule, kwa nia njema, amewaweka pagumu. Mwenye hedifoni amewaondolea dhiki hiyo, na yeye amesikiliza kama itakiwavyo.

Basi, kijana wetu wa Muscat, jawabu letu kwako ni hili. Wewe uendaye na kurudi, na kama unahifadhi au unasoma masomo kwa simu, jozi moja ya bei ya wastani yenye tundu la waya ni matumizi mema. Lakini wazee wako, ambao labda watapanda ndege mara hii tu, kuwanunulia jozi mbili za dola 350 ni kuwatwisha kifaa cha kuchaji, kuunganisha na kuogopa kupoteza. Kutoka Nairobi hadi Jeddah kwa ndege isiyopumzika njiani ni kama saa nne. Wanunulie vizibo vya sponji vya masikioni, vya bei ndogo kabisa dukani, ambavyo vikitiwa sawasawa hupunguza kelele kwa kiasi kikubwa na havitaki betri. Fedha zilizobaki ziwatafutie hoteli iliyo karibu na Msikiti Mtukufu, maana taabu ya mzee katika Umra ni miguu kuliko masikio. Ikiwa baba amependa zako, muazime njiani.

Na hapa tushike jambo moja kwa nguvu. Ndege iendayo Jeddah hupita mikati angani. Kwa wanaotoka kusini mkabala wake ni Yalamlam, na kwa wanaopitia Ghuba huwa ni Karnul Manazil, upande wa Taif. Mara nyingi rubani au watumishi wa ndege hutangaza kwamba mikati inakaribia, ili watu watie nia ya ihramu na kuanza talbiya. Tangazo hilo huja mara moja, kwa sauti ya haraka. Mwenye kusinzia na kisomo masikioni, au mwenye vizibo, lampita. Na aliyekusudia Umra akiivuka mikati bila ya ihramu, yampasa arudi, au achinje. Kwa hiyo saa moja kabla ya kutua, wote wavue. Usitegemee masikio yao peke yake. Wewe mwenyewe tazama saa, na ramani ya safari iliyoko mbele ya kiti. Walio salama zaidi ni wale waliovaa nguo za ihramu tangu nyumbani au uwanja wa ndege, wakabakisha nia tu. Tena kwa mwanamume, akisha kutia nia, kichwa chake hakifunikwi. Na ule upinde wa hedifoni upitao juu ya kichwa, aulizwe shekhe wa msafara kabla ya siku ya safari, asiulizwe abiria wa jirani. Hata ukiruhusiwa, wakati ule ulimi una kazi yake na masikio yasikie talbiya ya wenzake.

Pawabanki ya kuchajia simu na hedifoni ichukuliwe mkononi ndani ya ndege. Haikubaliwi katika mizigo ya chini. Na waya usiwekwe ndani ya sanduku kubwa, utausahau huko.

Barua ya ndugu yetu wa Kigoma juu ya mirathi ya mjomba imetufikia, nayo tutaijibu mwezi ujao, inshaallah, tukipata kwake khabari kama marehemu aliacha dada.